Nyota Mbili kwa Mwenye Sauna

Aliyepatwa na haya si mimi. Ni mdogo wangu wa tumbo moja, Mirva, na aliyemsababishia ni mumewe, Jarkko, ambaye bado ni shemeji yangu kwa vile hakuna karatasi iliyosema vinginevyo.

Ilianza Jumamosi ya kawaida kabisa ya mwezi wa Novemba, hapa Kuopio, mji wetu wa kaskazini ya mbali. Jua lilikuwa limechungulia kidogo, likaona hali yetu, likarudi kulala. Nilikwenda kwa Mirva na mikate ya mdalasini kama nilivyofanya karibu kila Jumamosi. Kahawa ilikuwa motoni, Mirva alikuwa anamenya karoti, na Jarkko alikuwa ameshapanga vinasa sauti vyake juu ya meza ya jikoni. Hakukuwa na radi, hakukuwa na paka mweusi, wala kunguru dirishani. Upuuzi huo waachie watengeneza filamu.

Na kuwasema watengeneza filamu ndiyo ilikuwa kazi yetu mimi na Jarkko, kazi isiyo na mshahara. Yeye alikuwa anauza matairi, mimi ni mwalimu wa udereva, lakini ugonjwa wetu ni filamu za kutisha, tangu enzi za kanda za video. Tulikuwa na kipindi chetu cha mtandaoni, kinaitwa Nyota Mbili, kwa sababu hatukuwahi kutoa zaidi ya hizo. Wasikilizaji wetu wote wangeenea kwenye basi moja, na mizigo yao ikapata viti. Jarkko alikuwa akizungumza nao kana kwamba anahutubia taifa.

Na nani atatulaumu kwa kubana nyota zetu? Ziangalie hizo filamu za siku hizi. Mama amefiwa. Anahamia nyumba ya porini ambako simu haishiki. Mtoto anachora mtu mrefu mwenye mikono mirefu. Unakaa pale saa mbili, makalio yanakufa ganzi, na mwishoni unaambiwa kwamba yule mtu mrefu ni huzuni. Huzuni! Nimelipa kiingilio niogope, nimeishia kupewa ushauri nasaha. Na zinazokuja ndiyo usiseme. Kuna ya mwanasesere, sehemu ya sita, kana kwamba hizo tano hazikutosha kutuonyesha kwamba mwanasesere hutupwa jalalani hadithi ikaisha. Kuna ya mtawa anayetokea nyuma ya pazia, na kionjo chake kimeshatuonyesha pazia, mtawa na atakayekufa, kwa hiyo kilichobaki ni kununua bisi tu. Kuna ile nzuri ya zamani ambayo wameirudia upya, wakaisafisha, wakaitia muziki kila pembe. Ni kama kumpaka babu rangi ya mdomo halafu uitwe ukamsifie.

Siku hiyo tulikuwa na mnofu mpya. Kionjo cha filamu ya kwetu kabisa, itakayotoka Februari, kilikuwa kimeachiwa wiki hiyo. Filamu inaitwa Mvuke wa Mwisho.

"Wamempa mwenye sauna meno," Jarkko alisema, akicheka kabla hata hajawasha mashine. "Meno, shemeji! Mzee wa watu anakaa zake kwenye mvuke, meno ya nini?"

"Ya kung'ata watazamaji waliosinzia."

"Halafu nasikia mwishoni anakuwa ndiye marehemu mama yake yule dada wa kwenye filamu."

"Huzuni," nikasema.

"Huzuni!" akaitikia, na tukacheka mpaka Mirva akatugeukia na kisu chake cha karoti.

Hapa kwetu hakuna asiyejua habari za mwenye sauna, yule asiyeonekana mwenye kumiliki chumba cha mvuke. Ukimaliza kuoga, unayamwagia mawe ya moto ya jiko upawa mmoja wa mwisho wa maji, unashukuru, unatoka. Joto linalobaki si lako tena. Ni lake. Yeye ni nani, ana sura gani, hayo hayaulizwi. Katika jengo la Mirva sauna ya pamoja iko chini ya ardhi, na kila nyumba ina zamu yake ya wiki. Zamu ya mwisho ya Jumamosi haina mtu. Haijawahi kuwa na mtu tangu jengo lijengwe. Watu wakishaoga wote, joto linaachwa mle ndani, na anayepita kwenye ule ukumbi hapigi mluzi.

"Nimeichukua ile zamu," Jarkko akasema.

Kisu cha Mirva kikasimama. "Zamu ipi?"

"Ile tupu. Nimeandikisha jana. Leo narekodia mle mle ndani, nawaonyesha hawa wapuuzi sauna halisi ilivyo. Hakuna meno, hakuna mama, kuna mzee mmoja muuza matairi anatoka jasho."

"Jarkko, ile haichukuliwi."

"Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ni adabu tu. Kama vile hukalii kiti cha mgeni aliye njiani."

"Mgeni gani huyo, miaka yote hii hajafika?"

"Umejuaje kwamba hajafika?" Mirva akauliza, na akarudi kwenye karoti zake.

Mimi sikushuka naye. Nisidanganye kwamba nilihisi kitu. Nilikuwa nimetoka saluni asubuhi ile, basi. Jarkko alikwenda peke yake na kinasa sauti chake alichokivisha mfuko wa plastiki. Aliporudi alikuwa mwekundu, ameridhika. Alitusimulia kwamba amemwaga ndoo nzima, na akakaa mle hadi mawe yakapoa kabisa, hadi hakuna joto lililobaki la kuachiwa mtu yeyote. Kabla ya kutoka akagonga jiko kwa upawa, akasema: "Mwenye sauna, kama upo, nakupa nyota mbili."

Mirva hakucheka. Alimwandalia chakula chake, akaenda kulala mapema.

Katika wiki hizo waandaaji wa ile filamu walikuwa wanawatumia mashabiki vifurushi vya matawi makavu, yale ya kujichapia saunani, bila jina wala maelezo. Ndiyo matangazo ya kisasa hayo. Zamani walibandika picha ukutani, wewe ukaamua. Siku hizi wanataka wakutie presha nyumbani kwako, halafu ukanunue tiketi. Jarkko alikuwa amepokea kifurushi chake, akakipiga picha kutoka kila upande, akatembea kwa maringo wiki nzima. Kwa hiyo yaliyofuata alikuwa ameshayapatia jina. Tangazo.

Jumatatu Mirva alirudi nyumbani kutoka kazini kwa daktari wa meno akakuta nyayo za maji sebuleni. Mguu mtupu, mpana, vidole vimeachana. Zilitoka mlangoni zikaenda moja kwa moja hadi upande wake wa kitanda. Alimpigia mumewe kwa kunong'ona, kama mtu aliyemo ndani ya nyumba isiyo yake. Jarkko akaacha matairi ya watu, akaja mbio, akapiga magoti na kuzipiga picha huku akitikisa kichwa.

"Kazi ya kitoto," alisema baadaye kwenye kipindi. "Mwongozaji, kama unanisikia, nyota moja. Nyayo zinazotoka mlangoni ni za fundi bomba. Nyayo za kutisha hazitoki popote."

Siku chache baadaye nyayo zilikuja tena. Zilianzia katikati ya zulia. Zikaishia katikati ya ukuta.

Sasa hapo mtu mwenye akili timamu angehama. Shemeji yangu alinipigia simu akilia kwa furaha. "Wanatusikiliza, Outi! Wamefanya nilivyosema!" Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kufanya alivyosema, si bosi wake, si wateja wake, si mbwa wake alipokuwa na mbwa. Na sasa kuna mtu, mahali fulani, alikuwa anaandika maneno yake na kuyatekeleza. Alivimba kichwa hivi hivi, nikamsikia.

"Jarkko," nikamwambia, "nani atumie pesa ya filamu nzima kumtisha muuza matairi?"

"Wivu huo, shemeji."

"Waliingiaje ndani?"

"Watu wa filamu hao. Wana mafundi."

Mirva alinifuata kazini. Aliingia kwenye gari langu la mafunzo, akakaa kiti cha mwanafunzi, akashika usukani kwa mikono yote miwili ingawa gari lilikuwa limezimwa.

"Dada, mwambie aache."

"Nimemwambia. Kichwa chake ni jiwe."

"Nilibadilisha kitasa. Nyayo zimerudi." Akanisogelea. "Nilizifuta kwa mkono. Yale maji ni ya moto."

Nilimwambia aje kwangu. Akasema atakuja, baada ya wikiendi, maana hawezi kumwacha Jarkko peke yake na kitu kile. Ndivyo alivyokuwa Mirva. Mume anayemtafutia balaa yeye ndiye aliyemwonea huruma, na mimi hadi leo moyo wangu haujamsamehe mume huyo.

Halafu ikaja sauti. Ilitoka kwenye tundu la maji la bafuni, taratibu, inamwita Mirva kwa jina. Jarkko alikaa sakafuni akaisikiliza yote, amefumba macho, kama mtu anayeonja supu. Kisha akaenda kwenye kinasa sauti chake.

"Kuita jina? Kila filamu inaita jina. Mwongozaji, unaniangusha. Kelele ni za waoga. Ukimya ndio unaotisha."

Jumamosi iliyofuata nilikuwepo mwenyewe.

Tulikuwa jikoni, sote watatu. Nje gari la kukwangua theluji lilikuwa linapita. Friji ilikuwa inanguruma, saa ya ukutani inagonga, Jarkko anasimulia kionjo kingine kibovu. Gari la theluji likanyamaza. Nililitazama dirishani: lilikuwa bado linakwenda. Friji ikanyamaza. Saa ikanyamaza, mshale wake unatembea. Midomo ya Jarkko ilikuwa inacheza, na hakuna kilichotoka. Nikajaribu kusema. Sikusikia sauti yangu hata ndani ya kichwa.

Kijiko kilimponyoka Mirva. Kilifika sakafuni. Kimya.

Alikuwa anatazama nyuma yangu. Mdomo wake ukafunguka, ukafunguka zaidi, mishipa ya shingo ikasimama. Alikuwa anapiga yowe. Nililiona lile yowe lote, tangu mwanzo hadi mwisho. Sikulisikia. Sikugeuka. Kisogo changu kilikuwa na joto, kama umesimama karibu na jiko.

Kisha friji ikanguruma.

Mirva alikuwa anahema ameshika sinki. Na Jarkko, Mungu amwone, alikuwa anafuta machozi kwa mikono yote miwili. "Nimeogopa," alisema. "Outi, nimeogopa! Miaka mingapi sijaogopa!"

Nilidhani sasa atatoa zile nyota tano, amalize mambo. Jarkko? Thubutu! Aliwasha kinasa sauti, akakohoa kidogo, akavaa ile sauti yake ya kuhutubia taifa.

"Safi. Safi sana, nakiri. Lakini bado ni tangazo, mwongozaji, kwa sababu hakuna anayelipa. Filamu isiyomchukua mtu ni tangazo la sabuni. Mchukue mtu. Na utakapomchukua, nakuomba, usituonyeshe uso. Siku hizi kila filamu inatusukumia uso wa mwigizaji anayelia, hadi kamasi tunaziona. Ufiche uso wake. Tuachie sisi tuujaze wenyewe."

Niliinyakua ile mashine nikaizima.

"Umesema nini wewe?"

"Nimetoa maoni."

"Nyumba hii ina watu wawili, Jarkko. Ukijitoa wewe, amebaki nani?"

Alifungua mdomo. Naamini lilikuwa linamwingia, polepole, kama mwanafunzi wangu anayekumbuka breki akiwa ameshafika ukutani. Lakini Mirva alikuwa ameshachukua taulo na ufunguo wa chini.

"Zamu yetu imeanza," alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu. "Sitaoga. Nitawasha, nitamwagia mawe, nitamshukuru, nitamwachia joto lote. Umekula haki yake, nakwenda kumrudishia."

"Nakuja nawe," nikasema.

"Baki na huyu mpumbavu, dada. Mnyang'anye hiyo mashine asiiguse." Akavaa ndala zake, akatoka. Nilisikia lifti ikishuka.

Tulikaa. Ile mashine niliishikilia mapajani. Jarkko alimega mkate wa mdalasini, hakuula, akauweka chini. Muda ulipita wa kutosha mawe kushika moto. Ndipo simu yake ikaita pale mezani. Alikuwa ni Mirva. Jarkko akaifungua sauti ili tusikie sote.

"Jarkko." Alikuwa ananong'ona. "Mlango umehama."

"Umehamia wapi?"

"Uko nyuma yangu. Nikigeuka, uko nyuma yangu."

Na hapo nilimwona mume wa mdogo wangu akitabasamu. Naapa. Lile tabasamu la mtu ambaye taa zimezimwa ukumbini na filamu ndiyo inaanza. Alidhani watu wa filamu wamemwingiza na Mirva kwenye mchezo, kwamba mkewe amekubali kuigiza, kwamba yote haya ni zawadi yake.

"Vizuri," alimnong'oneza. "Ila usieleze, Mirva. Ukieleza unaharibu. Acha pumzi tu."

"Jarkko, kuna mtu amekaa benchi la juu."

Sikusubiri lifti. Nilishuka ngazi huku nikiita jina lake, na nyuma yangu, kupitia mlango niliouacha wazi, nilikuwa bado namsikia shemeji yangu anaongoza filamu yake.

"Pumzi tu, mpenzi. Pumzi tu."

Ukumbi wa chini ulikuwa na taa. Mlango wa chumba cha kubadilishia nguo ulikuwa wazi. Sweta yake ilining'inia kwenye ndoano. Ndala zake zilikuwa chini, zimepangwa. Nikafungua chumba cha kuogea. Sakafu kavu. Nikafungua mlango wa mbao.

Joto lilinipiga usoni. Mawe yalikuwa yanachemka, yanatoa ule mlio wa maji yaliyomwagwa sasa hivi. Upawa ulikuwa umetundikwa mahali pake. Ulikuwa mkavu. Ndoo ilikuwa kavu. Mlango mmoja tu, na nilikuwa nimesimama ndani yake.

Simu ilikuwa juu, kwenye benchi la juu kabisa. Haikuwa imekatwa. Nilipoisogelea nilisikia sauti ya Jarkko inatoka mle, ya chini, ya kuridhika.

"Hapo," alikuwa anasema. "Hapo. Kaa hapo hapo."

Nilipomwuliza baadaye alikuwa anamsikia nani, alisema alikuwa anasikia pumzi, mpaka nilipoichukua simu. Mimi nilipoichukua hapakuwa na mtu anayepumua zaidi yangu.

Polisi alikuja mmoja, kijana, anaitwa Hyvönen, na theluji mabegani. Alitazama sauna, akatazama madirisha yasiyokuwepo, akaandika andika. Kisha akaomba picha ya Mirva ili aisambaze. Jarkko akafungua simu yake.

Picha ya kwanza, ya kiangazi, ziwani: Mirva ameupa mgongo kamera. Akasogeza. Mgongo. Krismasi ya mwaka uliopita, watu wote mezani wanacheka, na katikati yao kisogo cha Mirva. Jarkko akaanza kusogeza haraka. Mgongo, kisogo, nywele, mgongo. Akakimbilia sebuleni akaleta picha ya harusi iliyokuwa ukutani miaka yote. Bwana harusi anatutazama, amejaa furaha na suti ya kukodi. Kwa bibi harusi tunaona pini za shela tu, kwa nyuma.

Nilichukua mkoba wake mlangoni nikatoa leseni ya udereva, ambayo mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha hadi akaipata. Jina lake, tarehe yake, sahihi yake. Kwenye picha, kisogo.

Hyvönen alizitazama zote, moja baada ya nyingine. Kisha akafunga kalamu yake.

"Hili ni tangazo la ile filamu ya sauna?" aliuliza. "Shangazi yangu alitumiwa matawi."

Jarkko akapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwenye filamu yoyote. Hakuna mwigizaji anayeliweza. Hyvönen akatuonya kuhusu kupotezea polisi muda, ingawa baadaye walikuja wenzake na mbwa, wakatafuta ufukweni mwa ziwa hadi barafu ikafunga. Mbwa walikataa kushuka ngazi za sauna. Waliandika kwamba ni harufu ya dawa ya sakafu.

Jarkko aliwapigia wale waandaaji. Aliwasihi, akawatukana, akawasihi tena. Walimwambia walituma matawi kwa posta, basi. Nyayo hawazijui, sauti hawazijui, na kipindi kinachoitwa Nyota Mbili hawajawahi kukisikia. Ninamfahamu shemeji yangu. Hata katika msiba ule, hilo la mwisho lilimchoma.

Filamu yenyewe ilitoka Februari. Nilikwenda kuitazama peke yangu, mchana, nikakaa safu ya nyuma. Meno yalikuwepo. Muziki uliniambia wakati wa kushtuka, nikawa sishtuki. Mwishoni mwenye sauna akavua uso, na kumbe ni marehemu mama, na wote wawili wakakumbatiana kwenye mvuke, na msichana aliyekaa mbele yangu akapenga kamasi. Wanadhani aliyeko kule anatutaka kwa ajili ya kutufariji. Nilitoka kabla taa hazijawaka, nikalia ndani ya gari, na nilikuwa namlilia mdogo wangu, si upuuzi ule.

Kipindi kimekufa. Jarkko ameacha matairi. Kila Jumamosi, kwenye ile zamu isiyo na mtu, anashuka na kukaa sakafuni nje ya mlango wa mbao. Haingii. Nilimfuata mara moja nikasimama ngazini. Alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye ubao.

"Nyota tano," alikuwa anasema. "Tano. Kazi bora kuliko zote. Imetosha sasa. Mrudishe."

Ndani, mtu akamwagia mawe maji.

Nilipanda ngazi bila kumwita. Sijashuka tena.

Tangu mwezi uliopita zile picha zimeanza kugeuka. Zote kwa pamoja, ya ziwani, ya Krismasi, ya harusi, hata iliyo kwenye leseni. Ni kidogo kidogo. Huoni zikitembea, ila ukitazama leo na ukatazama wiki ijayo, kuna tofauti. Jana Jarkko alinikuta kazini, akagonga kioo cha gari, amekonda, anacheka, machozi yanamtoka. Alinionyesha simu yake. Nywele zilikuwa zimesogea, na upande wa kushoto sikio lilikuwa linaonekana, na nyuma yake mwanzo wa shavu.

"Anarudi, shemeji," alininong'oneza. "Karibu tutauona uso."

Nilimwambia ndiyo. Ningemwambia nini? Nililiangalia lile sikio mpaka mwanafunzi wangu akaniuliza kama naumwa. Mirva alipokuwa msichana wa shule nilimtoboa masikio mimi mwenyewe, kwa sindano ya mama na nusu ya kiazi, na la kushoto lilinishinda, nikalipasua, likapona na kovu. Mama alinichapa kwa ajili ya kovu lile. Sikio lililo kwenye picha ni zima. Halijawahi kutobolewa, ni pana, na linatiririka maji.